Idara za historia na lugha zisiachwe zife kwa hesabu ya vichwa

Kwako Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo limeguswa juu juu tu katika mjadala mrefu kuhusu mfumo mpya wa ufadhili wa vyuo vikuu nchini Kenya, nalo ni hatima ya idara za historia, lugha, fasihi, falsafa na akiolojia katika vyuo vyetu vya umma.

Tangu Serikali ilipotangaza mfumo huu Mei 2023, tumejadili zaidi ni nani amewekwa katika kundi lipi kati ya yale matano yanayopangwa kwa uwezo wa familia, na iwapo mzazi wa kundi la tano ataweza kulipa asilimia 40 ya gharama ya masomo ya mwanawe. Mahakama Kuu ilitamka Desemba 2024 kwamba mfumo huo unakiuka Katiba, kisha mwaka uliofuata Mahakama ya Rufaa ikasitisha utekelezaji wa hukumu hiyo. Mjadala huo ni wa haki kabisa. Hata hivyo, umefunika badiliko jingine. Awali chuo kilipokea mgao wake kutoka Serikalini, na hata ulipokokotolewa kwa idadi ya wanafunzi na gharama za kozi, usimamizi wake ulikuwa na nafasi ya kuitunza idara ndogo kwa fedha za jumla. Sasa fedha za umma zinamfuata mwanafunzi mmoja mmoja, sehemu kama ufadhili na sehemu kama mkopo, kwa viwango vinavyotegemea kundi lake, na idara isiyopata wanafunzi wa kutosha haina pa kushika.

Kwa haki, mfumo wenyewe haumbagui mwanafunzi wa sanaa, kwa kuwa msaada hutolewa kwa kupima uwezo wa familia. Athari huja kwa njia nyingine. Mzazi anayejua kwamba atachangia kutoka mfukoni, na kwamba mwanawe atahitimu akiwa na deni la HELB, Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, linalotozwa riba ya asilimia 4 kwa mwaka, humsukuma mtoto huyo kwenye kozi anayoamini italeta ajira haraka. Simlaumu mzazi huyo hata kidogo, kwa maana nimeketi na wengi wao wakati wa kuchagua kozi na najua wanavyokosa usingizi. Ongeza hapo mpango wa shule za sekondari ya juu, ambapo Serikali imelenga asilimia 60 ya wanafunzi wafuate mkondo wa sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, asilimia 25 sayansi za jamii, na 15 sanaa na michezo. Wanafunzi wakipungua chini, idara itapungua juu, na mhadhiri anapostaafu nafasi yake haitajazwa. Hakuna atakayetangaza kwamba falsafa au akiolojia imefutwa. Itakoma yenyewe.

Wanaosema kwamba taaluma hizi hazina faida ya fedha ningependa waikumbuke kesi ya wazee wa Mau Mau. Mwaka 2009 wazee walioteswa katika kambi za vizuizi wakati wa hali ya hatari waliishtaki Serikali ya Uingereza jijini London. Serikali hiyo ilijitetea kwanza kwa kudai kwamba dhima yote ilihamia Kenya wakati wa uhuru, na hoja hiyo ilipokataliwa mwaka 2011, ikadai kwamba muda mrefu mno umepita kwa kesi kusikizwa kwa haki. Jaji alikataa hoja hiyo pia mwaka 2012, na mojawapo ya sababu zake ilikuwa wingi wa hati zilizohifadhiwa kuhusu yaliyotendeka kambini. Hati hizo hazikujisoma zenyewe. Wanahistoria ndio waliozichambua kwa miaka, wakazilinganisha na masimulizi ya wazee vijijini, na wakatoa ushahidi wa kitaalamu mahakamani. Kesi ilipokuwa ikiendelea, ndipo Uingereza ilipolazimika kukiri kwamba ilikuwa imeficha maelfu ya faili za makoloni yake huko Hanslope Park, kituo cha Serikali nchini humo. Juni 2013 ilieleza majuto yake Bungeni na kukubali kulipa jumla ya pauni milioni 19.9, zikiwemo gharama za kesi, kwa ajili ya Wakenya 5,228.

Wanahistoria watatu waliotoa ushahidi huo, David Anderson, Caroline Elkins na Huw Bennett, walitoka vyuo vya Uingereza na Marekani. Nawaheshimu kwa kazi yao, na Wakenya wengi waliwasaidia kukusanya masimulizi. Lakini inaniuma kwamba jambo la wazee wetu wenyewe, lililotendeka katika ardhi yetu wenyewe, lilitegemea wanahistoria wanaolipwa na vyuo vya nchi nyingine. Madai ya ardhi ya hapa Pwani, ambayo Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano iliyaeleza katika ripoti yake ya mwaka 2013, yanahitaji wasomaji wa hati wa aina hiyo hiyo, nao hawaokotwi njiani siku kesi inapofunguliwa.

Hali haiko mbali na hiyo katika akiolojia. Katika pango la Panga ya Saidi, kaunti hii ya Kilifi, yalipatikana mabaki ya mtoto aliyezikwa takribani miaka 78,000 iliyopita, na taarifa hiyo ilipochapishwa mwaka 2021, kaburi hilo lilitambuliwa kuwa la kale zaidi linalojulikana barani Afrika. Wataalamu wa Makavazi ya Kitaifa ya Kenya walishiriki tangu mwanzo, ila uchunguzi wa kina wa mifupa ulifanyika Uhispania.

Kuhusu Kiswahili nitasema machache. Katiba imekifanya lugha rasmi, Umoja wa Afrika ulikipitisha kuwa lugha ya kazi mwaka 2022, na kila Julai 7 viongozi husimama majukwaani kukisifu. Wakalimani, wafasiri wa sheria na wanaisimu wa kufanya kazi na wahandisi wa kompyuta watatoka wapi, ikiwa mkusanyiko mkubwa wa matini za Kiswahili unaotumiwa na watafiti ulitayarishwa Helsinki, Finland?

Zipo lawama ambazo idara zenyewe zinastahili. Mhitimu wa historia asiyewahi kuingia katika Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, au wa Kiswahili asiyewahi kutafsiri hati moja ya mahakama, amepunjwa na waliomfundisha, na ufadhili mpya hautaliponya hilo.

Ombi langu kwa Waziri wa Elimu na Kamati ya Elimu ya Bunge la Taifa ni kwamba bajeti ijayo itenge, kupitia Hazina ya Vyuo Vikuu, fungu la kudumu kwa idara ambazo taifa linazihitaji hata zikiwa na wanafunzi wachache: mishahara ya wahadhiri, utafiti wa nyanjani na utunzaji wa nyaraka, bila kutegemea idadi ya waliosajiliwa mwaka huo. Fungu hilo lichapishwe waziwazi, idara kwa idara, pamoja na masharti ya mafunzo ya vitendo ambayo kila moja italazimika kuyatimiza ili kulipata.

Mwalimu wa Historia na Kiswahili,
Kilifi