Wapiga picha za radi, ingieni ndani

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na vijana wenzangu wa hapa Bukoba wanaopenda kupiga picha za radi. Mwaka wa sita sasa nawinda radi za Ziwa Victoria, ambazo huwaka zaidi usiku, pepo baridi za nchi kavu zinapokutana juu ya maji yenye joto. Raha yake naijua: lenzi iko wazi sekunde 15, giza totoro, mara ziwa zima linakuwa jeupe na mitumbwi ya dagaa inaonekana mmoja mmoja.

Lakini juzi niliona vijana watatu ufukweni, chini ya mwembe, simu juu, na ngurumo ikifuata mwanga baada ya sekunde 6. Hizo ni kilomita 2 tu, jamani! Radi hupiga hata kilomita 10 kutoka ilipo mvua.

Mimi hupigia sebuleni, dirisha limefungwa, taa zimezimwa, kamera juu ya stendi ya miguu mitatu. Kioo nakifuta kwa khanga kuukuu ya mama. Nje natoka dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho.

Msomaji wako,
Bukoba