Mdogo wangu, na dirii hiyo utakaa wapi?

Mdogo wangu mpenzi,

Picha uliyonitumia, ya vazi unalotaka kujitengenezea kwa ajili ya onyesho, nimeiona. Dirii ya kifuani yenye mabawa ya dhahabu, mabega yaliyopandana kama magamba ya samaki, joho linaloburuta, taji, buti za kufika mapajani. Shujaa wako kachorwa amesimama juu ya mwamba, upepo unapeperusha nywele. Nimeitazama mara tatu, kisha nikajiuliza: huyu bibi akichoka, anakaaje?

Nakujibu hadharani kwa kuwa si wewe peke yako unayeniuliza habari za kosplei, huku kujitengenezea na kuvaa mavazi ya wahusika wa hadithi na michoro, na aibu ya vazi langu la kwanza imeshapoa. Dirii ile niliikata kipande kimoja, kutoka kifuani hadi nyongani, nikaibana mgongoni kwa kamba nilizozisuka usiku kucha. Kwenye kioo nilipendeza, sitakuficha. Baada ya saa mbili sikuweza kuinama, sikuweza kukaa, na haja ilikuwa imenishika. Rafiki yangu alizikata kamba zangu kwa mkasi pale pale mlangoni pa choo.

Mchoraji hadaiwi kitu na mbavu za mtu. Wewe unadaiwa. Kwa hiyo usianze na picha, anza na mwili. Vaa nguo ile ile utakayoivaa chini ya vazi, mtu akuzungushie nailoni ya kufunikia vyakula, kisha aibandike utepe wa karatasi unaonata mpaka uwe kama sanamu. Hapo achore kwa kalamu mipaka ya dirii, na aweke alama mahali unapokunjika: kiunoni, kwapani, chini ya matiti. Akishamaliza, aukate huo utepe mgongoni, auvue, aulaze chini. Hicho ndicho kielelezo chako cha kukatia. Ila wakati unazungushiwa, vuta pumzi kifua kijae, na tumbo uliache lilivyo. Ukilibana siku hiyo, utalibana siku nzima ya onyesho.

Kwa kazi hii sponji ngumu ya EVA, ile ya kandambili na mikeka ya mazoezi, inatosha. Mimi hutumia unene wa milimita 10 kifuani, 5 mabegani, na 2 kwa nakshi kama hayo mabawa. Ipulizie hewa ya moto mpaka uso wake uanze kung'aa kidogo. Vitundu vinajifunga na rangi haitanywewa ovyo. Ikiwa bado na joto, ikunje juu ya paja au bakuli, uishike mpaka ipoe, nayo itabaki na umbo hilo. Gundi ni ile ya mafundi viatu: paka pande zote mbili, subiri mpaka ukigusa isikufuate kidoleni, ndipo uunganishe. Lenga vizuri, maana zikishagusana zimegusana. Na mvuke wake ni mbaya. Fanyia kazi nje au madirisha yakiwa wazi, uvae barakoa yenye vichujio vya kemikali. Kitambaa ulichojifunga puani hakizuii chochote.

Sasa kiuno, maana hapo ndipo mimi niliponaswa. Kigawe. Tazama mkia wa kambakoche: bamba juu ya bamba, kila moja linateleza chini ya jirani yake. Mafundi wa deraya za chuma wa Ulaya ya karne ya 15 walilijua hilo, wakayashika mabamba kwa mikanda ya ngozi na ribiti upande wa ndani, ndiyo maana askari aliweza kuinama na kupanda farasi. Wewe gundisha vipande vya lastiki pana kwa ndani, mabamba matatu tu kati ya mbavu na nyonga. Mbele ya kamera hayaonekani. Kwenye kiti utanikumbuka.

Uzito nao usiutundike shingoni. Shona kifulana chembamba chenye mikanda inayopita mabegani na kwapani, mabega ya dirii na joho vyote vishikwe humo. Joho lililofungwa kooni litakunyonga siku mtu atakapolikanyaga, na atalikanyaga tu. Pindo lake lipime ukiwa umevaa buti, si peku. Buti zenyewe usizitengeneze kuanzia soli; chukua viatu unavyoweza kutembea navyo siku nzima, kisha vivalishe gamba la sponji.

Joto ndilo litakalokushangaza. Sponji ile haipitishi hewa, jasho halina pa kwenda. Chini yake vaa nguo ya michezo inayokauka haraka, si pamba, maana pamba ikishalowa inakaa na maji yake. Mgongoni, pale joho linapofunika, toboa matundu mengi upendavyo, nani atayaona? Wigi liko hivi: suka nywele zako zilale kabisa, vaa wavu, halafu taji lishonee kwenye wigi lenyewe. Taji linalobana kichwa hugeuka maumivu kabla ya saa sita mchana.

Shangazi akikuambia kosplei ni mchezo wa watoto wa juzi, mwambie mwaka 1939, kwenye kongamano la kwanza la dunia la wapenzi wa hadithi za kisayansi jijini New York, Myrtle Douglas alitokea na vazi la kizazi kijacho alilolishona mwenyewe, na la mwenzake Forrest Ackerman akalishona yeye pia. Jina kosplei halikuwepo bado, lilikuja Japani miaka ya 1980. Cherehani ilitangulia. Sidhani kama shangazi atanyamaza, lakini umemjibu.

Wiki mbili kabla ya siku yenyewe, vaa kila kitu nyumbani kwa saa tatu. Kaa. Panda ngazi. Okota sarafu. Inua mkono kama unayeita mtu wa mbali. Nenda chooni, mlango ukiwa umefungwa na hakuna wa kukusaidia. Kama huwezi kufungua bakli za ubavuni peke yako, zihamishie mbele. Panapokuchuna weka alama ya chaki, ukate hapo kesho yake, si usiku ule ule ukiwa na hasira.

Rangi tutaizungumza baadaye. Kwa sasa nitumie picha ya kielelezo kikiwa kimelazwa chini, kabla hujagusa sponji, niukague mstari wa kwapa. Na ndani ya joho lako shona mfuko mdogo: gundi, pini, uzi, na mkasi.

Dada yako.