"Mengineyo" hayana risiti?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wako maana kwenye mkutano wa wazazi nimeikosa, nimenyoosha mkono mara tatu na mara zote tatu mwenyekiti alikuwa anaangalia saa.

Ishu yenyewe ni hii. Mapato na matumizi ya shule yalisomwa, tena yalisomwa mbiombio kama mtu anayewahi basi, na kwa vile hakukuwa na karatasi za kugawa mimi nikawa naandika nyuma ya daftari la mwanangu. Vitabu na chaki vikatajwa, ukarabati ukatajwa, halafu ikaja "mengineyo", na hiyo mengineyo ilikuwa kubwa kuliko vitabu na chaki ukiviweka pamoja!! Nikajua nimesikia vibaya, nikachungulia kwa mama aliyekaa pembeni yangu na yeye kaandika vilevile. Tukaomba mchanganuo tukaambiwa uko ofisini, kufika ofisini mhasibu katoka, mhasibu kaja kasema hizo hesabu ziko halmashauri, na halmashauri wakatuuliza kwani nyie ni nani.

Nieleweke, sijasema kuna mtu kala. Inawezekana kila senti ina risiti yake. Ila mtu akikuomba umwonyeshe ulichonunua kwa hela yake we unanuna nini? Wengine wanatuambia tutulie tusubiri ukaguzi, sasa mkaguzi anakuja hela imeshatumika zamani, anakuta vocha zina saini na mihuri, akiona kasoro anaandika hoja inajibiwa kwa barua, basi. Mkaguzi hawezi kukaa pale kila siku. Anayejua kama madawati yaliyolipiwa yapo darasani ni mzazi, maana yeye ndo anafua ile sketi inayorudi na vumbi.

Na hili si geni, Uganda walishaliona. Walichukua shule za msingi 250 hivi wakaifuatilia ruzuku tangu inatoka serikali kuu mpaka inafika shuleni, wakakuta kati ya 1991 na 1995 shule zilikuwa zinapata kwa wastani kama 13% tu ya hela ya matumizi yasiyo ya mishahara, na shule nyingi hazikupata hata shilingi. Nyingine yote ilikuwa inaishia wilayani. Baada ya hapo serikali ikaanza kutangaza kwenye magazeti kila wilaya imetumiwa kiasi gani, na shule nazo zikatakiwa zibandike ukutani zilichopokea. Kufikia 2001 kilichokuwa kinafika ni karibu 80%. Wataalamu bado wanabishana gazeti lilichangia kiasi gani na mageuzi mengine kiasi gani, sawa wabishane, lakini mwalimu mkuu aliyesoma gazetini kilichotumwa huwezi kumpa nusu ukamwambia ndo hicho tu kimekuja.

Na asije mtu akasema ni shida ya nchi maskini. Mji wa Bell kule California, watu elfu 36 hivi, 2010 gazeti la Los Angeles Times likaandika kwamba meneja wa mji analipwa karibu dola 800,000 kwa mwaka, yani kama mara mbili ya mshahara wa rais wa Marekani. Wakazi walikuwa wanalipa kodi tu hawana habari. Waliposoma walijaa kwenye ukumbi wa baraza mpaka nje, meneja akaachia ngazi na baadaye akafungwa.

Kwa hiyo tunachotaka sisi wala si lile litabu la bajeti lenye kurasa mia mbili ambalo hata diwani hajalimaliza. Karatasi moja tu, maandishi makubwa: kimeingia kiasi gani, tarehe ngapi, kimenunua nini, kwa nani, kimebaki nini. Na huku halmashauri nayo mwezi huohuo itoe orodha ya ilichotuma kila shule. Zote mbili, maana hapo ndo watu wanapopigwa chenga: ukipewa ya shule peke yake huna cha kulinganisha nacho, ya halmashauri peke yake ni hivyohivyo.

Hapo ndo nakuomba Mhariri, hiyo orodha ikitoka itengee hata robo ukurasa, na isipotoka andika kwamba haijatoka.

Ubao wa matangazo shuleni upo, wa kioo, mzuri tu, umefungwa kufuli na ndani kuna ratiba ya michezo ya mwaka juzi. Nimeuliza ufunguo anao nani, nikaambiwa mlinzi, na mlinzi yuko likizo.

Mzazi na mlipa kodi