Mfumuko wa ulimwengu unapimika

Ndugu Mhariri,

Kila mara nasoma kwamba nadharia ya mfumuko wa ulimwengu, yaani wazo kwamba ulimwengu ulitanuka kwa kasi kubwa mno mwanzoni kabisa, haipimiki kwa sababu inakubali matokeo yoyote. Sikubaliani hata kidogo. Mfumuko ni ukoo mzima wa modeli, na baadhi zimeshaangushwa na vipimo.

Toleo la kwanza la mwanafizikia Alan Guth, la mwaka 1981, lilikwama mapema kwa kuwa mfumuko wake haukuwa na njia nzuri ya kukoma. Andrei Linde na wenzake wakalirekebisha, na modeli zikazaana.

Setilaiti ya Planck, iliyorushwa mwaka 2009, ilipima tofauti ndogo mno za jotoridi katika mnururisho wa tangu ulimwengu ulipokuwa na umri wa miaka 380,000 hivi. Tofauti hizo zingekuwa na nguvu ileile kwa kila ukubwa, kipimo kingekuwa 1 kamili. Planck ilipata takriban 0.965, na modeli nyingi sahili zilishatabiri pungufu kidogo ya 1. Huo ni ushindi wa haki.

Lakini mtihani mkali zaidi ni mawimbi ya mvutano, yaani mitetemo ya anga yenyewe, ambayo mfumuko ungeyaacha. Nguvu yake, ikilinganishwa na ya tofauti za msongamano, huitwa r. Modeli iliyopendwa kwa usahili wake, ambayo nishati hukua kwa kipeo cha pili cha uga uliosukuma mfumuko, inadai r ya 0.13 hivi. Darubini za BICEP na Keck, zilizoko Ncha ya Kusini, zikiunganishwa na data ya Planck, ziliibana r chini ya 0.036 mwaka 2021. Modeli hiyo imekwisha. Ya mwanafizikia Alexei Starobinsky, inayotabiri 0.004 hivi, bado imesimama.

Wapo wanaokumbusha tangazo la BICEP2, darubini ya awali ya kundi hilohilo la BICEP, la mwaka 2014, lililodai r ya 0.2. Ni kweli, na mapema mwaka 2015 uchambuzi wa pamoja na Planck ulionyesha kuwa vumbi la galaksi yetu, Njia Nyeupe, lilitosha kueleza sehemu kubwa ya ishara ile. Kwangu mimi huo ndio upimaji wenyewe.

Wakosoaji wana hoja moja nzito: r ikizidi kushuka, daima mtu anaweza kubuni modeli yenye r ndogo zaidi. Ndiyo maana naomba gazeti lako, likiandika kwamba mfumuko "umethibitishwa" au "umekanushwa", litaje modeli ipi na kwa kipimo gani. Setilaiti ya LiteBIRD inayoandaliwa na Japani inalenga kupima r kwa usahihi wa takriban 0.001. Isipoona kitu, modeli ya Starobinsky itakuwa taabani, na habari hiyo nayo itastahili ukurasa wa mbele.

Msomaji wako