Filamu ya Jumamosi

Habari zenu jamani. Kura za filamu za muziki za kutazama zimegawanyika, kwa hiyo naamua mimi: tunaanza na Amazing Grace. Ni Aretha Franklin akiimba injili kanisani Los Angeles, Januari 1972. Mwongozaji Sydney Pollack alirekodi bila vibao vya kuoanisha picha na sauti, basi mikanda ikalala miaka na miaka hadi filamu ikatoka 2018. Mwangalieni baba yake anavyoinuka kumfuta jasho usoni huku yeye akiimba kwenye piano. Hapo huwa naishiwa maneno.

Itafuata Stop Making Sense (1984), tamasha la bendi ya Talking Heads. Mwimbaji wao David Byrne anaingia peke yake na gitaa na redio kaseti, kisha wenzake wanaongezeka wimbo baada ya wimbo. Kamera haihangaiki na mashabiki mpaka karibu na mwisho, na ndivyo inavyotakiwa.

Summer of Soul nimeiweka ya tatu, si kwa ubaya: mahojiano yanakatiza nyimbo mno kwa masikio yangu, ingawa tamasha lenyewe la Harlem, New York, la 1969 linapendeza kweli. Mlioipigia kura The Last Waltz, vumilieni, zamu yake ipo.

Mwenye spika nzuri aseme leo tafadhali. Spika za kompyuta zinaua besi.