Barua kwa wasichana wetu wa kambi: msiamue kuacha mbio siku ya mvua

Wasichana wangu,

Hamjambo huko kambini. Ni mimi mnayeniita Kogo, yaani nyanya yenu. Nimeamua kuandika hapa wazi badala ya kumvuta mmoja mmoja pembeni, kwa sababu najua hata kambi zingine kuna wenye shida hii hii. Jumamosi jioni niliwaona mkirudi kutoka kwa yale mashindano mmelowa, hakuna anayeongea, na mmoja wenu akavua viatu vyake akaviacha pale kwa geti akaingia ndani na soksi. Halafu jana nasikia watano wanataka kurudi nyumbani, ati mbio si zao, ati umri umeenda. Umri umeenda na mkubwa wenu ana miaka 24! Hapo ndio nilikosa usingizi kabisa.

Nataka niwaambie juu ya mama mmoja wa Marekani, mkimbiaji wa marathon, Des Linden. Wengi mnamjua kwa ile picha ya mvua kwa marathon ya Boston lakini safari yake yote hamuijui, na mimi nimemfuatilia tangu 2011 kwa sababu mwaka huo alitutetemesha sisi Wakenya. Wakati huo alikuwa bado anaitwa Davila, hajaolewa. Mwisho wa Boston, kwa ile barabara ya Boylston, yeye na Caroline Kilel wetu wakaanza kupokonyana uongozi, huyu anapita yule anarudi, anapita tena anarudi tena, mimi niko mbele ya tivii napiga kelele mpaka jirani akaja kuuliza kama kuna msiba. Kilel akashinda kwa 2:22:36, Davila 2:22:38. Sekunde mbili baada ya kilomita 42! Kilel alipovuka laini akaanguka chini pale pale, vile alikuwa amesukumwa. Nilifurahia ushindi wetu lakini usiku nikajiuliza huyu msichana ametoka wapi.

Ametoka mbali jameni. Marathon yake ya kwanza ilikuwa hapo hapo Boston, 2007, na alikimbia 2:44:56. Someni hiyo taimu mara mbili. Hapa kwetu ukirudi na taimu kama hiyo hakuna meneja atakayepokea simu yako, na hata nyumbani watakuuliza kama huwezi kutafuta kazi ingine. Yeye alikuwa Michigan, kwa kikundi cha ndugu wawili, Kevin na Keith Hanson, wenye maduka ya viatu vya kukimbia, na wakimbiaji wao walikuwa wanaishi pamoja kama nyinyi hapo. Akakaa. 2010 kule Chicago akakimbia 2:26:20. Dakika 18 zimetoka kwa miaka mitatu, na mwaka uliofuata ndio ile vita na Kilel. Sasa wewe umekaa kambini miezi saba unaniambia mwili wako umekataa, mwili gani unapewa miezi saba?

2012 akaenda Olimpiki London na maumivu ya paja, akakimbia kilomita chache tu akatoka. Kumbe mfupa wa paja ulikuwa umepata ufa. Hapa nisikilizeni vizuri maana sitaki mtu aseme Kogo alituambia tukimbie na mfupa uliovunjika. Alitoka, na alifanya vizuri kutoka. Mfupa ukiuma mahali pamoja, ukiuma hata usiku umelala, hiyo unasimama na unaniambia siku hiyo hiyo, sio baada ya wiki tatu za kujificha na dawa ya maumivu. Na 2017 akawa anachoka tu, uchovu hauishi, ikaonekana ni tezi ya thairoidi, akatibiwa. Kwa hivyo uchovu usioisha unapelekwa hospitali damu ipimwe, usiuite uvivu na usiache mtu yeyote auite uvivu.

Lakini ya Jumamosi haikuwa mfupa wala damu. Ilikuwa baridi na moyo kuvunjika, na hiyo ndiyo nataka tuongee.

Tarehe 16 Aprili 2018, Boston, mvua ya kumwagwa na ndoo, upepo unawapiga usoni njia nzima, baridi ya nyuzi kama 3 au 4. Linden ana miaka 34. Kilomita za kwanza tu akajisikia vibaya sana, akaona leo hatamaliza. Akamwambia Shalane Flanagan, Mmarekani mwenzake aliyekuwa ameshinda New York miezi mitano kabla, kwamba mimi naweza kutoka leo, kwa hivyo kama kuna kitu nikusaidie niambie. Mnaona? Alikuwa ameshakata tamaa ya siku yake lakini hakutoka hapo hapo, akaona miguu bado iko, basi itumike kwa mwenzake. Shalane akalazimika kuingia choo njiani, kila mtu anaenda, Linden akapunguza mwendo akamngoja, wakarudi pamoja kwa kundi. Baadaye akamsaidia Molly Huddle pia. Na katika hiyo kazi ya kuvuta wengine mwili ukaanza kuamka, akaangalia mbele akaona waliobaki ni wachache. Mamitu Daska wa Ethiopia alikuwa ametoroka, Gladys Chesir wetu akamfuata akampita, lakini upepo ulikuwa umewamaliza wote wawili, na Linden akawapita. Akashinda kwa 2:39:54. Hakuna mwanamke aliyeshinda Boston kwa taimu ya polepole hivyo tangu 1978, na hakuna Mmarekani mwanamke aliyekuwa ameshinda tangu 1985. Wa pili alikuwa nesi, Sarah Sellers, mtu wa kazi ya hospitali kila siku, anakimbia marathon yake ya pili maishani.

Sasa niwaambie kitu ambacho hata mama yenu wa jikoni hapo kambini hajui. Mimi nilitoka kwa mbio za kuchagua timu. Mvua kama hiyo yenu, matope mpaka kwa magoti, nikaona wamenipita wengi nikasimama chini ya mkaratusi nikijishika mbavu. Nikahesabu waliokuwa nyuma yangu wakipita, wa kwanza alichukua muda mrefu sana kufika. Jioni matokeo yakabandikwa ukutani. Mbele yangu walikuwa wanne. Timu ilichukua sita. Nilikuwa wa tano nikiwa chini ya mti, na hakuna aliyeniambia kwa sababu kwenye mvua hakuna mtu anajua hesabu. Mpaka leo nikipita karibu na mkaratusi mvua ikinyesha nausikia ule ubaridi mgongoni.

Februari 2020 kule Atlanta, mbio za kuchagua timu ya Olimpiki ya Marekani, Aliphine Tuliamuk, binti wa Pokot aliyekuwa amechukua uraia wa Marekani, akawa wa kwanza, Sally Kipyego, pia wa huku kwetu, wa tatu, na Linden wa nne, na timu ilichukua watatu tu. Alikosa nafasi kwa sekunde 11, ana miaka 36. Hiyo ndio siku watu wote wangemwambia sasa pumzika mama. Aprili 2021 akakimbia kilomita 50 kwa 2:59:54, na kabla yake hakuna mwanamke aliyekuwa ameshuka chini ya masaa matatu. Ni 3:36 kila kilomita, nyinyi mnajua hiyo pesi ni nini mkifika kilomita ya 15 tu. Na 2025, miaka 41, akakimbia Boston yake ya mwisho kama mkimbiaji wa kulipwa, akawa wa 17 kwa 2:26:19, dakika 13 haraka kuliko siku aliyoshinda!

Kwa wale watano, sisemi hamruhusiwi kwenda. Naomba wiki mbili tu. Mkimbie polepole, mlale, mle, na kila mmoja achukue mmoja wa wale wadogo wanaoachwa kwa fatleki ya Alhamisi, yale mazoezi ya kukimbia kasi halafu polepole, akimbie kando yake, amkinge upepo pale juu. Siku ya kumi na nne mje kwangu, tuongee mchana, jua likiwa limewaka. Nauli ya matatu ninayo, kama bado mnataka kwenda nitawapa mwenyewe bila maneno.

Na yule wa viatu, viko kwangu karibu na jiko, nimevijaza magazeti ndani, kufika kesho vitakuwa vimekauka. Ile kamba ya kushoto imekatika, nimeweka ingine.

Kogo wenu