Injini yangu ilihukumiwa bila kusikilizwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wenzangu wenye magari ya mizigo, na mafundi nao wasikie.

Mimi natoa ndizi Tukuyu na kuziuza Mbeya mjini, soko la Soweto. Gari langu ni Hilux ya dizeli, injini ya 3L, la zamani lakini halijawahi kunilaza njiani. Mwezi Machi likaanza kupiga mlio. Barabara ya tambarare kimya. Likiwa limesimama, ukikanyaga mafuta, husikii cha maana. Lakini ukishapita Kiwira na mzigo nyuma, gia namba tatu, ukikanyaga mafuta kupandisha Isyonje: ta-ta-ta-ta, kama mtu anayegonga debe kwa kijiko. Ukiachia mguu, linanyamaza.

Fundi wa kwanza ni kijana wa gereji ya jirani. Alifungua boneti, akakanyaga mafuta mara mbili, akaifunga. "Mama, hii imenoki. Konrodi hizo. Tushushe injini." Yaani injini inagonga kwa ndani, kwenye konrodi, vile vyuma vinavyounganisha pistoni na krenki. Hakuuliza mlio unatokea wakati gani. Hakutaka hata tuzunguke naye barabarani dakika tano. Hesabu yake shilingi 2,600,000. Aliponiona nimeshtuka akashuka bei: basi tuanze na nozeli, zile zinazopulizia dizeli kwenye silinda, tuweke na oili nzito, "tuone". Kuona huko kulinitoka shilingi 340,000 na mlio ukabaki palepale. Nozeli za zamani sikurudishiwa. Kuhusu oili nzito, nimekuja kuelewa baadaye kwamba huweza kuufunika mlio wa beringi zilizolika kwa siku kadhaa, ndiyo maana wanaouza magari mabovu wanaipenda.

Aliyenisaidia ni mzee mmoja wa hapa Uyole, ametengeneza malori miaka mingi. Nilimwamkia, nikaanza kueleza, akanikatiza: "Mwanangu, liache lilale hapa. Nitalisikiliza asubuhi likiwa baridi."

Saa kumi na mbili asubuhi nilimkuta ameshika kipande cha mpira wa maji, kama mita moja. Akawasha gari. Kumbe likiwa baridi lilikuwa linalia hata likiunguruma tu bila kukanyagwa mafuta! Mimi sikuwahi kujua, kwa sababu kila asubuhi huliwasha na kuingia ndani kunywa chai. Akaweka ncha moja ya mpira sikioni, ile nyingine akawa anaitembeza taratibu kando ya injini, mbali na feni. Alipofika silinda ya nne akanipa na mimi nisikilize. Ilikuwa pumzi: pfu, pfu, pfu, inatoka kwa hasira. Akamulika kwa tochi ya simu. Pale manifodi ya ekzosi, yaani bomba linalokusanya moshi wa silinda zote, inapokutana na hedi, sehemu ya juu ya injini, palikuwa na masizi meusi yaliyosambaa kama unyoya, na boliti moja imekatika, kichwa chake hakipo.

Bado hakuridhika. Akafunika kitambaa, akalegeza nati ya bomba la nozeli moja baada ya nyingine, huku akinionya nisisogeze mkono, maana dizeli ile ina msukumo wa kupenya ngozi. Alipolegeza ya nne, mlio ukafifia. "Hii inatuambia ni silinda ipi tu," akasema. "Hata kama ingekuwa konrodi ya hapo inagonga, mlio wake nao ungefifia. Kilichotuambia ugonjwa ni mpira na masizi." Tukasubiri injini ipate moto, mlio ukapungua wenyewe. Chuma kikipata joto hutanuka na kuziba mwanya kidogo. Mlimani unarudi kwa sababu mzigo huongeza msukumo wa moshi. Konrodi, alinieleza, kwa kawaida hufanya kinyume: oili ikishapata moto na kuwa nyepesi, ndipo inagonga zaidi, na mlio wake ni mzito, wa chini. Ukiusikia huo, zima gari, usijikongoje nalo hadi nyumbani.

Boliti ilikatikaje? Hapo niseme ukweli wangu. Mpira unaoning'iniza bomba la ekzosi ulikatika tangu mwaka jana, nikafunga waya. Bomba likawa linacheza kwenye kila shimo na uzito wake wote unaivuta manifodi.

Kazi ilichukua siku mbili. Kipande kilichobaki ndani ya hedi alikichomelea nati juu, akaacha kipoe, akakizungusha robo robo hadi kikatoka. Manifodi ilikuwa imepinda, ikapelekwa kwenye mashine kusawazishwa. Gasketi mpya, boliti mpya, mpira wa bomba. Baada ya safari ya kwanza nilirudi gari likapoa, akakaza nati tena. Jumla shilingi 145,000. Na harufu ya moshi ndani ya kabini, ambayo nilikuwa nimeizoea nikidhani ni uzee wa gari, ikaisha.

Sisemi kila kijana wa mtaani ni fundi maiko, wa kubahatisha. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wana utaratibu wa kuwapima na kuwapa vyeti mafundi waliojifunzia kazini, na wengi ni hodari. Ninachoomba ni kwamba kabla ya injini kushushwa, fundi amwonyeshe mwenye gari mlio unatoka wapi, kwa sikio na kwa macho. Asipoweza, aseme hajajua. Na gazeti lako, Mhariri, ambalo hutupa picha za magari mapya tusiyoweza kuyanunua, litutengee hata nusu ukurasa kwa haya ya zamani tunayoyaendesha.

Yule kijana wa gereji, kama anasoma hapa: oili yako nzito nimeshaimwaga. Nozeli zangu nne bado nazidai.

Mfanyabiashara wa ndizi,
Uyole, Mbeya